Makaa ya mawe yanayojiwasha yenyewe: kuyagundua na kuyazuia chini ya ardhi



Katika toleo hili tunaweka kando kidogo habari za visima na mbuzi wa maziwa ili tujibu swali ambalo limetufikia kutoka sharika zaidi ya moja: inawezekanaje rundo la makaa ya mawe litoe moshi wakati hakuna mtu aliyeliwasha? Swali hilo lina historia, na historia yenyewe inatugusa sisi ofisi ya miradi. Ni afadhali tuieleze wenyewe kuliko mkaisikia sokoni.

Serikali ilipoagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwishoni mwa Januari 2024, shule yetu moja ya bweni iliamua kujaribu makaa ya mawe. Tukanunua lori zima, tani 30, kwa sababu bei ya jumla ilikuwa nafuu. Makaa yakamwagwa nyuma ya jiko, yakaegemea ukuta, na juu tukafunika turubai ili mvua isiyaharibu. Tukajipongeza kwa kubana matumizi.

Wiki ya sita mpishi mkuu alitueleza kwamba turubai lina jasho kwa ndani, na pale nyuma pananuka kama mafuta ya taa. Tulidhani kuna mtu amemwaga mafuta. Wiki iliyofuata moshi mwembamba ulianza kutoka chini ya rundo, upande wa ukutani. Tukamwaga maji, mapipa kwa mapipa. Moshi ukakata siku mbili, kisha ukarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mwishowe tulimwita mzee wa kanisa wa usharika jirani aliyefanya kazi mgodini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alitazama, akagusa ukuta kwa kiganja, akaagiza makoleo. Rundo lilifunguliwa, makaa yakatandazwa uwanjani kwa unene usiozidi goti, na ndani tukakuta mengine ni mekundu kabisa. Hakuna aliyeumia. Ukuta ulipasuka, na gharama ya kuukarabati mliiona katika taarifa yetu ya mwaka.

Mzee yule alituambia jambo moja ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Alisema sisi tulikuwa na bahati kwa sababu makaa yetu yalikuwa juu ya ardhi na tulikuwa na uwanja. Chini mgodini hakuna uwanja.

Vijana wa sharika zetu wanakwenda kufanya kazi kwenye makaa ya mawe. Wengi wako kwenye machimbo ya wazi kama yale ya Ngaka, mkoani Ruvuma. Lakini nchi yetu inaujua pia mgodi wa chini ya ardhi: Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza uzalishaji mwaka 1988. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa anaomba kazi ya chini ya ardhi nje ya nchi alituuliza waziwazi kama moshi alioona shuleni unaweza kumkuta mwanawe huko. Jibu ni ndiyo, unaweza. Ila kuna njia za kuugundua mapema, na mtu anayezijua ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani.

Joto linatoka wapi?

Wakulima wanajua kwamba lundo la mboji hupata joto, na kwamba mahindi yakiwekwa ghalani mabichi huchemka hadi mkono hauvumilii. Huko kazi inafanywa na vijidudu. Kwenye makaa ya mawe chanzo ni kingine, kinachofanana zaidi na kutu ya jembe. Makaa yanapokutana na hewa hunyonya oksijeni na kuungana nayo taratibu. Muungano huo hutoa joto. Ni joto dogo sana, na kwa kawaida upepo hulichukua kabla hatujalitambua.

Tatizo linaanza pale joto linapotengenezwa haraka kuliko linavyoondoka. Makaa yakiwa ya moto zaidi hunyonya oksijeni kwa kasi zaidi; kwa makadirio ya kawaida, kasi hiyo hujizidisha mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa hiyo joto huzaa joto. Kwa aina nyingi za makaa, yakishavuka mahali fulani kati ya nyuzi 50 na 80 hivi na hewa ikaendelea kuyafikia, hayarudi nyuma yenyewe. Yatapanda hadi yatoe moshi, na baada ya moshi ni moto.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu, nasi lilituchanganya. Je, hewa ni rafiki au adui? Fikirini jiko la mkaa. Ukiziba mlango wake na kufunika juu, mkaa unazimika kwa kukosa hewa. Ukiumwaga mkaa ule ule kwenye sinia na kuutandaza penye upepo, nao unapoa. Lakini ukiacha mlango wazi kidogo na mkaa umerundikana, unaiva vizuri. Makaa ya mawe ni vivyo hivyo. Hewa nyingi inayapoza, hewa isiyokuwepo inayanyima chakula, na hatari iko katikati: hewa kidogo inayopenya polepole ndani ya makaa yaliyovunjika vipande vipande. Turubai letu na ukuta wetu vilitengeneza hali hiyo hasa. Tuliyahifadhi makaa kama anayeatamia mayai.

Maji nayo yana siri yake. Makaa yaliyokauka yakipata unyevu tena hutoa joto yanapounyonya. Ndiyo maana maji tuliyomwaga juu yalituliza nje, lakini pembeni, yalikofika kama unyevu tu, hayakusaidia. Tena yalifungua njia za hewa kati ya vipande.

Si makaa yote yenye tabia sawa. Makaa machanga, yaani ambayo hayajakomaa sana ardhini, hujiwasha kwa urahisi zaidi kuliko yaliyokomaa. Vumbi na chenga ni hatari kuliko mabonge, kwa kuwa eneo linaloguswa na hewa ni kubwa zaidi. Na penye madini ya pairiti, yale yanayong'aa kama dhahabu ya uongo, joto huongezeka kwa kuwa pairiti nayo hutoa joto inapokutana na hewa na unyevu.

Chini ya ardhi

Mgodi wa makaa wa chini ya ardhi huchimbwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kukata vichochoro vinavyopishana na kuacha nguzo za makaa zishike paa. Ya pili ni kukata ukuta mrefu wa makaa kwa mashine, huku paa la nyuma likiachwa lianguke kadiri mashine inavyosonga mbele. Kwa njia zote mbili nyuma hubaki eneo lililokwisha kuchimbwa, lenye vifusi, mashimo na makaa yaliyosahaulika au yaliyoshindikana kutolewa. Tutaliita eneo hilo magofu, na kwa kweli ni magofu hasa: hakuna anayeingia tena.

Moto wa kujiwasha hupenda magofu. Humo kuna makaa yaliyopondeka, na joto halina pa kutokea. Hewa haikosekani pia, kwa sababu feni kubwa za mgodi husukuma au kuvuta hewa kutoka kichochoro hadi kichochoro, na popote penye tofauti ya mgandamizo, hewa kidogo hupenya kwenye nyufa. Nguzo zilizolemewa na uzito wa mwamba na kupasuka nazo ni mahali pa hatari. Kadhalika kuta zilizojengwa kuziba magofu, kama hazikujengwa vizuri.

Kisha kuna methani. Makaa mengi hutoa gesi hiyo, isiyo na rangi wala harufu, na ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja hulipua. Kwa hiyo makaa yanayojiwasha mgodini ni hatari kwa njia mbili. Kwanza yanatoa gesi ya sumu. Pili ni kiberiti kilichowekwa mahali ambapo gesi ya kulipuka inaweza kufika.

Sumu yenyewe ni kaboni monoksaidi. Msiichanganye na hewa ukaa tunayoitoa puani. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, basi mtu anakosa hewa huku anapumua. Ni gesi ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi, na katika nyanda zetu za juu tumezika watu wa namna hiyo. Huko Soma, Uturuki, tarehe 13 Mei 2014, wachimbaji 301 walikufa mgodini, wengi wao kwa gesi hii. Wataalamu walibishana kuhusu chanzo cha moto ule, na kujiwasha kwa makaa katika sehemu za zamani kulikuwa miongoni mwa maelezo yaliyotolewa.

Kugundua mapema

Kipimo cha kwanza ni pua na macho ya mchimbaji. Makaa yanapoanza kupata joto, unyevu wake hutoka kama mvuke na kuganda kwenye sehemu baridi za karibu: paa, nguzo za chuma, ukuta. Wachimbaji wa Ulaya tangu zamani waliita hali hii jasho. Hewa hujaa ukungu mwepesi na uvuguvugu. Baadaye huja harufu, ambayo wengine huifananisha na mafuta ya taa, wengine na petroli, na joto likizidi, na lami. Moshi ni dalili ya mwisho kabisa. Mpishi wetu, ambaye hajawahi kuuona mgodi, aliziona dalili mbili za kwanza kwa mpangilio sahihi. Sisi wenye elimu ndio tuliomwambia kuwa ni mafuta yaliyomwagika.

Lakini pua haifiki ndani ya magofu, na pua huzoea. Kwa hiyo hupimwa gesi. Zamani nchini Uingereza walitumia ndege. Mtaalamu J. S. Haldane, aliyechunguza maiti za wachimbaji miaka ya 1890 na kuonyesha kwamba wengi waliuawa na kaboni monoksaidi, ndiye aliyependekeza wanyama wadogo ambao hulegea kabla ya binadamu. Ndege hao waliendelea kutumika hadi mwaka 1986, ilipotangazwa kuwa nafasi yao itachukuliwa na vyombo.

Siku hizi mgodi mkubwa huwa na mifumo miwili au mitatu kwa pamoja. Kuna vitambuzi vya umeme vinavyotuma habari juu papo hapo. Kuna mirija myembamba ya plastiki inayopita kutoka ndani ya magofu hadi juu ya ardhi. Pampu huvuta hewa kupitia mirija hiyo na chombo kilicho juu huipima. Mirija ni ya polepole, hewa yaweza kuchukua zaidi ya nusu saa kufika, ila inaendelea kupima hata umeme wa chini ukikatwa. Tatu, huchukuliwa sampuli za hewa kwenda maabara ili kutafuta gesi zinazoonyesha daraja la joto. Kaboni monoksaidi huanza mapema. Haidrojeni huongezeka joto likipanda. Ethilini kwa kawaida huonekana joto linapovuka nyuzi 100 hivi. Asetilini ikionekana, kuna mahali panaungua kweli.

Naomba tukae kidogo kwenye hesabu, maana ndipo watu wamepotea na kupoteza maisha.

Tuseme katika kichochoro kinachorudisha hewa kutoka kitalu fulani tumepima kaboni monoksaidi sehemu 10 katika milioni. Ni kidogo, mtu anaweza kufanya kazi humo. Hewa inayopita ni mita za ujazo 20 kwa sekunde. Zidisha: ni lita 12 za kaboni monoksaidi kwa dakika. Sasa meneja anaongeza hewa hadi mita 40 kwa sekunde. Kipimo kinashuka hadi sehemu 5 katika milioni, na msimamizi asiyefundishwa atafurahi kwamba hali imetulia. Haijatulia. Makaa bado yanatoa lita zile zile 12 kila dakika, yamechanganywa tu na hewa nyingi zaidi, kama chumvi ile ile katika sufuria kubwa zaidi. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huandika lita kwa dakika badala ya sehemu katika milioni. Katika migodi ya Queensland, Australia, ilizoeleka kwamba zaidi ya lita 10 kwa dakika ni lazima uchunguzi ufanyike, zaidi ya 20 ni hatari kubwa, na zaidi ya 30 ni hatari ya mwisho.

Hesabu ya pili inaitwa uwiano wa Graham, kwa jina la Mwingereza aliyeieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Inauliza hivi: katika oksijeni iliyopotea, ni kiasi gani kimegeuka kaboni monoksaidi? Ikiwa oksijeni imepungua kwa asilimia 0.5 na kaboni monoksaidi ni asilimia 0.002, gawanya ya pili kwa ya kwanza, zidisha kwa 100, unapata 0.4. Hiyo ni kawaida kwa migodi mingi. Kaboni monoksaidi ikiwa asilimia 0.005 kwa upungufu ule ule, jibu ni 1, na hapo karibu ni hakika kwamba makaa yanapata joto. Jibu la 2 ni joto kali, la 3 na kuendelea ni moto. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba hewa safi ikichanganyika humo haiidanganyi, kwa sababu inapunguza vyote viwili kwa pamoja.

Hata hivyo hakuna namba moja inayotosha. Injini za dizeli na baruti navyo hutoa kaboni monoksaidi. Kila mgodi una kawaida yake, kama kila mtoto kliniki ana mstari wake kwenye kadi. Muuguzi mzuri hatazami uzito wa leo peke yake. Anatazama mstari unaelekea wapi.

Moura, 1994

Tumesoma kisa kimoja kwa muda mrefu kuliko vingine, nacho ni cha mgodi wa Moura Na. 2 huko Queensland. Jimbo lile halikuwa geni kwa jambo hili. Tarehe 31 Julai 1972 watu 17 waliuawa katika mlipuko mgodini Box Flat walipokuwa wanapambana na moto uliotokana na makaa kujiwasha. Miongoni mwao walikuwamo waokoaji. Mwaka 1975 walikufa 13 huko Kianga, jirani na Moura, katika mlipuko ulioanzia kwenye makaa yaliyojiwasha. Watu walijua, basi.

Mwaka 1994 katika mgodi wa Moura Na. 2 kulikuwa na kitalu kilichoitwa 512. Kilipokwisha kuchimbwa kilizibwa kwa kuta mwishoni mwa wiki ya kwanza ya Agosti. Katika wiki za kabla ya hapo harufu isiyo ya kawaida iliripotiwa, na kaboni monoksaidi ilikuwa inapanda. Lakini aliyenusa alimwambia mmoja, aliyepima akaandika mahali pengine, na dalili hizo hazikukusanywa mezani pamoja mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kusema simameni. Wapo waliotazama sehemu katika milioni na kuona ni chache.

Kuziba kitalu kuna hatari yake. Ndani ya kuta oksijeni bado ipo mwanzoni, na methani inaanza kujaa. Inapita asilimia 5, inakwenda hadi 15, kisha inazidi na haiwezi tena kulipuka. Katika kipindi hicho cha kati, kama kuna makaa mekundu ndani, mlipuko ni suala la muda. Busara inasema watu wote watoke hadi kipindi kipite. Usiku wa Jumapili tarehe 7 Agosti 1994 zamu iliingia kazini. Haikupita hata siku moja kamili tangu kuta zikamilike. Saa tano na nusu usiku hivi mlipuko ulitokea. Watu 21 walikuwa chini. 10 walitoka hai, 11 hawakutoka. Tarehe 9 ulitokea mlipuko wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, wakati wa mipango ya uokoaji. Baada ya hapo mgodi ulifungwa moja kwa moja, na miili ya wale 11 iko humo hadi leo.

Uchunguzi ulipotoa taarifa mwaka 1996 haukusema kwamba vyombo vilikosekana. Vilikuwepo. Kilichokosekana ni kuunganisha taarifa, mafunzo kwa watu wa ngazi zote, na uamuzi wa kuwatoa watu. Baadaye Queensland ilibadili taratibu zake: kila mgodi uwe na mpango wa maandishi kwa hatari kubwa, afisa maalumu wa hewa, na mazoezi ya dharura kila mwaka. Wachimbaji walipewa vifaa vya kujiokoa vyenye oksijeni yake, badala ya vile vya zamani vilivyochuja kaboni monoksaidi tu bila kuongeza hewa ya kupumua.

Kuzuia

Kinga huanza kwenye ramani, kabla jembe la kwanza halijagusa makaa. Makaa ya kila mahali huchukua muda fulani tangu yavunjwe hadi yaanze kujiwasha, wiki kadhaa au miezi. Kitalu hupangwa kiwe kidogo kiasi cha kumalizika na kuzibwa kabla muda huo haujaisha. Nguzo huachwa kubwa ili zisipasuke. Makaa hayaachwi chini na kwenye paa bila sababu, wala vumbi halirundikwi pembeni.

Halafu ni kudhibiti hewa. Kuta za kuziba hujengwa imara na nyufa kupakwa. Mgandamizo wa pande mbili za magofu husawazishwa ili hewa isiwe na sababu ya kupenya. Baadhi ya migodi humwaga ndani ya magofu tope au majivu ya mitambo ya umeme yaliyochanganywa na maji, yajaze nafasi kati ya vipande. Nyingine husukuma naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta na haichochei moto. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 12 hivi methani haiwezi kulipuka, na makaa nayo hunyimwa chakula. Siku hizi naitrojeni hutumika pia wakati wa kuziba, ili kufupisha kile kipindi cha hatari cha Moura.

Yakishaanza kupata joto, kama yanafikika huchimbwa yakatolewa yangali machanga. Yasipofikika huzibwa, na watu hutolewa kwanza. Katika eneo la Jharia, India, mioto iliyoripotiwa tangu 1916 bado haijaisha yote, na watu wamehamishwa makazi kwa sababu yake.

Kwa kamati za sharika

Kwa yule mama na wazazi wengine tumeandaa maswali ambayo kijana anaweza kuuliza bila kuonekana mkorofi anapoajiriwa chini ya ardhi. Je, atapewa kifaa cha kujiokoa, cha oksijeni au cha kuchuja, na atafundishwa kukivaa gizani? Je, akinusa harufu au kuona jasho ukutani anamwambia nani, na inaandikwa wapi? Nani ana ruhusa ya kuwatoa watu bila kusubiri simu ya mkubwa? Kitalu kikizibwa, watu wanatolewa kwa muda gani? Mgodi unaofanya kazi yake vizuri utamjibu kwa dakika tano.

Kwa shule na hospitali zetu zinazotumia makaa ya mawe, utaratibu mpya ni huu. Hatununui zaidi ya matumizi ya mwezi mmoja. Rundo halizidi urefu wa kiuno, liko mbali na ukuta na mbao, na linashindiliwa pande zote. Yaliyotangulia kuja ndiyo yanayotangulia kutumika. Kila Jumatatu fimbo ya chuma inachomekwa ndani kwa muda, kisha inachomolewa na kushikwa. Ikiwa haishikiki, rundo linafunguliwa siku hiyo hiyo. Likishapata joto tunalitandaza kwanza, maji baadaye. Kanuni za kimataifa za usafirishaji baharini haziruhusu makaa yenye zaidi ya nyuzi 55 yapakiwe melini, nasi tumeichukua namba hiyo kwa shule moja iliyopata kipimajoto kirefu.

Daftari la fimbo hiyo linatunzwa na mpishi yule yule, naye ameruhusiwa kumpigia simu mratibu moja kwa moja. Hadi tunapoandika haya amepiga mara moja, siku ya mvua, kwa ajili ya jasho juu ya bati la banda. Tulikwenda. Ilikuwa ni bati linavuja.